Nauliza Mara Moja

Yustina alivuka mpaka wa Tunduma kwa miguu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akivuta masanduku mawili ya magurudumu kando ya foleni ya malori, na kitu cha kwanza alichonifanyia baada ya miaka mitano ya kutoonana ni kunikatalia. Nilikuwa nimemsubiri upande wetu tangu saa moja. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukachekana mvi. Kisha nikamwambia maneno niliyoyapanga mwezi mzima: "Mwalimu, chumba kipo. Mume wangu amekipaka rangi. Twende Mlowo ukae, na sisemi wiki moja, ukae." Tunaitana Mwalimu tangu chuo cha ualimu, kwa utani ulioota mizizi. Yeye sasa ni mjane na mstaafu, watoto wake wana maisha yao huko huko kusini, na nyumba ya wazazi wake pale Mbozi iliuzwa zamani. Nilijua hana pa kufikia. Akanishika mkono akasema, "Hapana, asante, Lusia. Nimeshapata gesti hapa hapa." Nami sikuuliza tena. Nilimsindikiza hadi gesti, nikamsaidia kupandisha masanduku ngazini, nikamwachia namba ya mtu wa bajaji, nikapanda gari la kurudi Mlowo.

Najua mtu wa Mbozi akisoma hapo atanitazama vibaya. Mgeni amekataa mara moja nawe ukaondoka? Kwetu hapana ya kwanza haihesabiki kuwa jibu. Ukimkuta mtu anakula akakuambia karibu, unasema asante, nimeshiba, hata kama tumbo linalia. Mwenyeji anasema, njoo bwana, usitufanyie hivyo. Unasema, kweli nimetoka kula sasa hivi. Mwenyeji anasogeza kigoda na kukumiminia maji ya kunawa, na hapo ndipo unakaa na kula kuliko wote. Hakuna aliyedanganya wala aliyedanganywa. Nilikua nikilijua jambo hilo kama nilivyojua kushika jembe, na sikuwahi kufikiri kwamba ni desturi, nilidhani ndivyo binadamu walivyo. Aliyenitoa huko ni Yustina mwenyewe, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na minne, nilipokwenda kumtembelea Gaborone. Yeye ndiye aliyenikataza habari za kuulizana mara mbili. Kwa hiyo pale mpakani alipotamka hapana, nilitii kama mwanafunzi mzuri, na nikafika nyumbani na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Mwaka ule nilikuwa nafundisha hesabu shule ya msingi Mlowo, na nilikuwa mwalimu mzuri, nasema bila aibu. Yustina alikuwa ameolewa na Gervas, mpima ardhi wa Kihaya, mtu mrefu mwenye kicheko cha kifuani, aliyepata kazi ya mkataba serikalini Botswana. Barua za Yustina zilikuja na picha: Yustina kando ya friji, Yustina kando ya gari jeupe, Yustina na kofia ya jua akiwa na watoto wa shule waliovaa soksi hadi magotini. Barua ya mwisho ilikuwa fupi. Aliandika kwamba shule ya binafsi anakofundisha kuna mwalimu wa hesabu ataondoka, kwamba amenisemea kwa mwalimu mkuu, na kwamba nije kama mgeni nionekane, mengine yatafuata. Chini kabisa akaandika, "Usimwambie mtu." Nilimwambia kila mtu. Nikaomba likizo bila malipo, nikashona magauni matatu, nikafunga kilo mbili za kahawa ya milima yetu iwe zawadi, nikaagwa kama mtu asiyetarajiwa kurudi.

Mimi Zambia sikuiona kuwa ng'ambo. Mtu aliyekulia karibu na Tunduma anajua kumwambia mama wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, mulishani, yaani hujambo, na kupatana naye bei ya maharage kabla ya kujua ramani. Kwa hiyo nilipanda basi la Lusaka kwa majigambo, na majigambo yalidumu hadi Livingstone. Yalianza kupungua Kazungula, tuliposhuka kwenye pantoni upande wa Botswana, na ofisa mmoja akatuelekeza tukanyage zulia lililoloweshwa dawa ili tusiingize ugonjwa wa ng'ombe. Nilikanyaga. Akaniuliza kama nina viatu vingine. Nikasema vimo kwenye mzigo, chini kabisa, nikiwa na maana kwamba tuviache. Akasubiri. Nilifungua mzigo wote mbele ya abiria, nguo za ndani zikaonekana, nikatoa viatu vyangu vya kanisani, navyo vikakanyaga dawa. Hakunifokea hata kidogo, na alinishukuru vizuri. Lakini nilijua nimeingia nchi ambayo neno linapokelewa kama lilivyo, ingawa sikujua bado kwamba ndicho nilichokijua.

Nyumba ya Yustina ilikuwa na sebule yenye kapeti la kahawia, saa ya ukutani iliyopiga kila robo saa, na jiko lenye vigae ambamo kulikuwa na utulivu kuliko kanisani. Nje hapakuwa na jani bichi isipokuwa mti mmoja mkubwa wa miiba, na ua ulifagiwa mchanga mtupu mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Mimi ninayetoka kwenye migomba na mibuni nilidhani kuna msiba. Aliyenipokea ni Mma Neo, mama wa makamo aliyewasaidia kazi za nyumbani. Mma ni kama sisi tunavyosema Mama, na Neo ni mwanawe wa kwanza. Yustina na Gervas walikuwa kazini. Mma Neo alinipakulia nyama iliyotwangwa ikawa kama pamba, ugali wa mtama na saladi ya bitiruti, akaniuliza kwa Kiingereza kama nitakula. Nilikuwa njiani siku nne. Nikasema, asante mama, nimeshiba. Akasema, sawa, akaibeba sahani. Niliitazama ikienda. Niliusikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa, halafu nikasikia maji ya kuoshea sufuria. Nilikaa kwenye kapeti lile la kahawia na mate yangu, nikasikiliza saa ikipiga robo.

Mtu angesema ningejifunza siku hiyo hiyo. Sikujifunza, kwa sababu nilijiambia kwamba Mma Neo ni mfanyakazi, hana mamlaka ya kumbembeleza mgeni. Jioni Yustina aliporudi tulikula vizuri, kwa sababu yeye aliweka chakula mezani bila kuuliza mtu. Kesho yake mchana nilirudia yale yale, na mchana uliofuata. Baada ya wiki moja nilikuwa nimegundua mama mmoja nje ya kituo cha basi aliyekaanga magwinya, maandazi yao ya mviringo, na kila siku saa saba nilisema nakwenda kunyoosha miguu. Nilikula nimesimama, nimeipa mgongo barabara, mtu mzima, mwalimu wa watu. Siku moja gari jeupe likapunguza mwendo nyuma yangu, kioo kikashuka, na sauti ya Gervas ikasema kwa Kiswahili, "Shemeji, hilo la mkono wa kushoto ni la nne au la tano?" Alicheka mpaka akazima gari.

Gervas aliyaelewa mambo yangu mapema kuliko mke wake. Kwao Bukoba, aliniambia, hukatai kahawa. Aliichukua ile kahawa niliyoibeba, akaikaanga mwenyewe kwenye sufuria, akaisaga, akaichemsha, nyumba nzima ikanukia, akaniletea kikombe. Nikasema hapana, asante. Nilimaanisha. Nimezaliwa kwenye kahawa, nimeichuma, nimeianika, nimelala juu ya magunia yake, na sikuwahi kuinywa maishani. Kwetu kahawa iliuzwa, tulikunywa chai. Gervas hakunisikiliza. "Shemeji, kunywa bwana, usinivunje moyo." Nikanywa, chungu kama dawa ya malaria, nikatabasamu. Kwa hiyo katika nyumba ile, hapana zangu zote za uongo ziliheshimiwa, na hapana yangu moja ya kweli ikakataliwa. Sasa nacheka. Na kahawa nimeipenda, nakunywa kila asubuhi, majirani zangu wa Mlowo wananiona nimechanganyikiwa.

Sitaki nionekane nilikuwa mshamba wa kila kitu. Jumapili moja walikuja Watanzania wenzao, familia mbili za kutoka Dar es Salaam, na Mma Neo akaweka bakuli la phane, wale viwavi wanaokaushwa. Akina mama wale walipiga kelele wakakimbilia uani. Mimi nilivuta bakuli. Ni vinkubala vile vile tunavyouziwa Tunduma na akina mama wa Kizambia. Nilikula kimoja kimoja huku nawatazama kupitia dirishani. Mma Neo alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu na siyo kama ugonjwa. Kilichonishinda mimi hakikuwa chakula chao. Nilishindwa na vitu vidogo ambavyo hakuna aliyeniandikia kwenye barua. Salamu ilikuwa moja tu, dumela mma, unajibiwa dumela, imekwisha. Mimi bado niko kwenye za asubuhi, za watoto, za kazi, mwenzangu ameshakunja kona. Kwenda kwa jirani kulianza na simu. Siku moja nilisimama kando ya barabara, gari likasimama ili nivuke. Nikampungia dereva apite yeye. Akanipungia nivuke mimi. Nikakataa kwa heshima zote. Akangoja tena kidogo, akatikisa kichwa, akaondoka, na nyuma yake likaja jingine, tukaanza upya.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba walikuwa watu kama mimi. Ningeenda Ulaya ningejiandaa, ningesema wazungu wana yao. Lakini hawa walisonga ugali, waliitana Mama Fulani, walipokea kitu kwa mikono miwili, walikuwa na shangazi na wajomba na misiba ya watu mia. Nikadhani yaliyobaki nayo ni yale yale. Sijui hata leo kama Watswana wote wako hivyo. Sikukaa muda wa kutosha kuwasemea. Namjua mmoja tu kwa uhakika, na huyo ndiye aliyekuja kunywa chai Jumapili ya sita.

Mwalimu mkuu aliitwa Mma Tebogo. Alikuwa mfupi, sauti ya chini, miwani imefungwa kamba shingoni, na alikaa kwenye kochi bila kuegemea. Yustina alikuwa ameoka keki tangu asubuhi na kunivalisha gauni la kijani. Alitupa nafasi makusudi; alisema anakwenda kuangalia birika, akafunga mlango wa jikoni. Mma Tebogo aliniuliza nafundishaje kugawanya kwa watoto wenye miaka minane. Nikamweleza jinsi ninavyotumia maharage na vifuniko vya soda, nikasahau hata Kiingereza changu kibaya, nikapanga vijiko vya chai juu ya meza nikamgawanyia. Alivitazama vijiko vile kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba mwalimu wake wa hesabu wa darasa la tatu anamfuata mumewe kaskazini mwisho wa mwezi, kwamba shule ingeshughulikia kibali changu cha kazi, na kwamba angependa niichukue nafasi hiyo. "Utaipenda?"

Nilikuwa nimesafiri siku nne kwa ajili ya swali hilo. Na ulimi wangu, ulimi uliolelewa vizuri, ukasema, "Oh, nisiwasumbue. Pengine yupo mwingine anayeihitaji kuliko mimi." Nikainamisha macho kwenye kapeti, nikangoja aulize tena. Akasema, "Naelewa." Akachukua kikombe chake. Akasema mvua za msimu uliopita zilikuwa chache, ng'ombe wa kaka yake wamekonda. Nikasema pole. Nilingoja wakati anakula keki. Nilingoja alipokuwa anavaa koti. Nilimsindikiza hadi langoni, nikatembea polepole ili apate muda, na mkono wake ulipokuwa kwenye mlango wa gari nilikuwa bado nangoja, nimeshaandaa hapana ya pili, fupi na laini, na nyuma yake ndiyo. Aliniaga vizuri sana. Gari likakata kona.

Yustina alitoka jikoni uso umechanua. "Amekuambia?" Nikasema ameniambia. "Ukasemaje?" Nikamwambia nilichosema. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kwanza alicheka, akidhani namtania. Kisha akakaa kwenye mkono wa kochi. "Lusia. Umemwambia hapana?" Nikasema sikumwambia hapana, nimesema nisiwasumbue, ataniuliza tena kesho. "Hatakuuliza tena!" Alipiga kelele, Yustina ambaye hajui kupiga kelele. "Hapa hakuna kesho! Mtu anakuuliza, wewe ni mtu mzima, unajibu, basi! Miezi mitatu nimemwendea yule mama, miezi mitatu namwimbia jina lako, na wewe unamwambia yupo mwingine!" Jumatatu asubuhi alimwendea Mma Tebogo shuleni. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mama wa Kizambia kutoka Kitwe, aliyejibu ndiyo swali halijaisha. Mma Tebogo alisikitika kwa dhati. Alimwambia Yustina, rafiki yako ni mwalimu hasa, ningempenda, lakini alikataa na siwezi kumdharau mtu kwa kumbishia.

Chumba changu kilipakana na sebule. Jioni ile, kabla ya chakula, niliwasikia wakizungumza kwa Kiswahili cha chini chini. Yustina alisema nimemwaibisha, na kwamba kama ningekuwa mdogo wake wa tumbo moja angenizaba kibao. Gervas hakucheka safari hii. "Ulimwambia lakini?" aliuliza. "Nimwambie nini?" "Kwamba hapa wanauliza mara moja." Saa ikapiga robo. "Nilisahau," Yustina akasema. "Gervas, nilisahau kabisa kwamba sisi tuko vile." Na nikasikia analia, na mimi upande wa pili wa ukuta nikalia pia, kila mtu kivyake. Hajawahi kunitamkia hilo, na mimi sijawahi kumwambia kwamba nilisikia. Alichonitamkia ni kingine. Asubuhi, kwenye meza, alisukuma sahani ya mayai mbele yangu, akasema bila kunitazama, "Kuanzia leo, Lusia, nikikuuliza kitu nauliza mara moja. Nawe ukiniuliza, uliza mara moja. Tusisumbuane tena." Nikasema sawa. Nikala mayai.

Zilibaki wiki chache kabla siku zangu za mgeni hazijaisha, na nilizitumia jikoni na Mma Neo, kwa kuwa kwa Yustina hewa ilikuwa nzito. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kunibembeleza nile. Alikuwa anakwangua sufuria, akaacha. Akasema, "Mtu mzima akiniambia ameshiba, nikimlazimisha nimemwita mwongo. Wewe ulitaka nikuite mwongo nyumbani kwa watu?" Nilikuwa sijawahi kulitazama upande huo. Siku zote nilidhani wale wanaoondoa sahani hawakujali. Kumbe alikuwa ananiheshimu, na kila mchana alikuwa ananihuzunikia, akidhani nina ugonjwa wa tumbo ninaouficha. Nikamwambia kwetu tunadhani asiyebembeleza hataki ule. Akacheka akajipiga paja. "Basi ninyi mnachoka sana," alisema. Siku ya kuondoka alinifungia magwinya kumi na mbili kwenye kitambaa, akaniuliza kama nayataka. Nikasema ndiyo, mma. Yustina alinipeleka kituoni kwa gari jeupe. Tuliagana kwa adabu, kama watu wa ofisi moja, na hilo liliniuma kuliko kazi.

Nilirudi Mlowo mwezi wa Agosti na wale walionisindikiza kwa vigelegele walikuwa na maswali. Sikujificha. Nilisema nilipewa kazi nikaikataa kwa kujifanya mstaarabu, na nilipoona wanacheka nikacheka nao, na kicheko hicho kikawa ngao yangu. Lakini nilikuwa nimebadilika, na mabadiliko yakaanza kunitia matatani upande wa pili. Nilikwenda Isongole kwenye harusi ya mwalimu mwenzetu, mama mwenye nyumba akasema karibu chakula, nikasema asante, nikanawa, nikakaa, nikaanza kula. Nilimsikia bibi mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu ametoka wapi na njaa hii?" Ofisa elimu alipouliza walimu nani atakubali kwenda Ndalambo kuwa mwalimu mkuu msaidizi, mahali ambapo wengi walisema ni mwisho wa dunia, wenzangu waliinamisha macho wakingoja kuombwa. Mimi nilinyoosha mkono. Nilipewa, na ndiyo mwanzo wa cheo changu chote, miaka kumi na minane ya kuwa mwalimu mkuu baadaye. Na mwezi wa Desemba fundi seremala mmoja, kijana mpole aliyekuwa anatengeneza madawati yetu, aliniuliza kwa kigugumizi kama naweza kufikiria siku moja kuwa mke wake. Nikasema ndiyo. Alikuwa amejiandaa kwa miezi sita ya kuzungushwa, akabaki ameshika randa mkononi. Shangazi zake waliniona mwepesi na walikaa miaka kunizoea.

Mwaka huo ulinifanya hivi nilivyo, na najipenda nilivyo. Nimeishi miaka mingi nikichukua nilichopewa mara ya kwanza, na sijutii. Urafiki wetu na Yustina ulipona kwa barua, kisha kwa simu. Alikuja likizo mara kadhaa, nilikwenda naye kwenye kahawa zetu, tukacheka kila kitu isipokuwa ile Jumapili. Na ile kanuni ya mezani tuliitunza. Gervas alipofariki nilimpigia Yustina nikamuuliza, nije? Akasema usije, ni mbali. Sikwenda. Niliuliza mara moja.

Kwa hiyo Jumanne ile nilipotoka Tunduma peke yangu, mume wangu, yule yule seremala, aliniangalia nikiingia na mkono mtupu. "Mgeni yuko wapi?" Nikamweleza. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda alichokiunda kwa ajili ya chumba kile, mninga mtupu, akapapasa mbao. "Umemuuliza mara ngapi?" Nikamwambia mara moja, ndivyo tunavyofanya mimi na yeye. Akasema, "Mama Tumaini, mimi nilikuuliza mara moja kwa sababu hukunipa nafasi ya pili. Usidhani kila mtu ni wewe." Nikamkasirikia. Nikamwambia hajui Yustina alivyo, kwamba ukimuuliza mara mbili unamwona mtoto. Jumatano nikafua mashuka ambayo hayakuwa yamelaliwa. Alhamisi nikampigia simu, akasema yuko salama, gesti ni safi, kelele za malori tu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikasema sawa. Nilipokata simu nilibaki nimeishika, na nikawaza: hapana ile aliisemea upande gani wa mpaka?

Ijumaa asubuhi nilitia kahawa kwenye chupa ya chai, nikafunga viazi na maharage kwenye hotpoti, nikaenda. Yustina alinifungulia mlango amevaa vizuri, amejifunga kilemba, kama mtu anayekaribia kutoka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Masanduku yote mawili yalikuwa ukutani pale pale nilipoyaweka Jumanne, na lakiri za basi bado ziko kwenye zipu. Siku tatu hakufungua hata moja. Niliketi kwenye kiti cha plastiki nikammiminia kahawa. Dirishani malori yalikuwa yanasogea hatua moja, yanasimama.

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kukuuliza mara ya pili."

Alitazama kikombe. "Tulikubaliana nini sisi?"

"Tulikubaliana kwako. Hapa ni kwetu. Twende ukakae Mlowo."

Yustina wa gari jeupe, Yustina aliyekuwa akijua la kusema katika kila sebule, akainamisha macho kwenye sakafu ya saruji. Akasema taratibu, "Nisikusumbue, Lusia. Wewe una mume, una mambo yako."

Nisikusumbue. Nililijua neno hilo. Nilijua lilivyo zito mdomoni, na nilijua mtu anayelisema anatembea polepole namna gani kuelekea langoni. Nikasimama, nikashika sanduku kubwa kwa mkono wa kulia, nikamuuliza mara ya tatu.

Alianza kulia hata sijamaliza. "Siku tatu, Lusia!" akasema, akinipiga begani kwa ngumi yake ndogo. "Siku tatu nimekaa hapa nimevaa viatu!"